Ukurasa wa Nne wa Mjumbe

Nimeandika habari za watu wengine kwa miaka ishirini na sijapata kuanza sentensi hata moja na neno "mimi". Leo naanza nalo, na asiyependa aache kusoma hapa hapa.

Mimi naitwa Regina Frombach, mhariri wa mwisho wa Mjumbe wa Uwanda. Babu yangu alilianzisha gazeti hili mwaka 1891, akamwachia baba, na baba akaniachia mimi pamoja na kelele zake zote. Sisi ni Wajerumani ambao hatujapata kukaa Ujerumani. Mababu zetu walishushwa hapa Banat, kwenye mabwawa ya Romania, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na tangu hapo tukawa na lugha yetu, kanisa letu, na kila Alhamisi gazeti letu la kurasa nne. Dikteta alipoangushwa Desemba na mipaka ikafunguliwa, watu walianza kufunga mizigo ya kuhamia Ujerumani kwa "ndugu" wasiowajua, na kufikia Juni mwaka 1990 kijiji kizima kilikuwa nyundo na makasha tangu asubuhi. Gazeti lisilo na wasomaji ni karatasi ya kufungia jibini. Tukakubaliana toleo la mwisho litoke Agosti, na mimi niandike humo historia yake yote. Nasema tulikubaliana, lakini kusema kweli nilijipa kazi hiyo mwenyewe, na ningemkalia kooni yeyote ambaye angejaribu kuninyang'anya.

Nilijua kuna mahali pa kuona haya. Ukurasa wa kwanza wa miaka ya vita uliletwa na wakubwa waliotumwa na Ujerumani, umejaa bendera na ushindi, na baba aliupiga chapa bila kuuliza. Hilo nilikuwa nimejiandaa kulisema, kwa ufupi, kisha nipite haraka. Nilichokuwa na hamu nacho ni ukurasa wa nne, maana huo ulikuwa wetu. Huko ndiko ilikokuwa safu ya siku za kuzaliwa: jina, umri anaotimiza mtu, namba ya nyumba. Basi. Watu walifungua Mjumbe kwa nyuma. Ukitokea kwenye safu, wewe ni mtu. Usipotokea, mama yako anakuja ofisini mkono kiunoni. Waliowekwa ni wale tu waliojiandikisha kulipokea gazeti pamoja na watu wa nyumba zao, na hao walikuwa kama nusu ya kijiji. Wale wa nyumba za pembeni, vibarua na mabahili, hawakutokea kamwe, na tuliwacheka kwa hilo.

Kwetu sisi, lililoandikwa na Mjumbe limekuwa. Hata kamati ya sikukuu ya kanisa haikwenda kwa padre kuuliza tarehe za ubatizo. Walifungua ukurasa wa nne.

Hapa inabidi niseme habari ya Januari 1945, maana bila hiyo hakuna la kueleweka. Vita ilikuwa imegeuka, Warusi wamefika, na amri ikatoka kwamba Wajerumani wote wa Romania, wanaume wa miaka kumi na saba hadi arobaini na mitano na wanawake wa kumi na nane hadi thelathini, wapelekwe Urusi kufanya kazi migodini. Asubuhi ya Jumapili askari waliingia kijijini na karatasi mkononi. Hawakuuliza njia. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiita watu kwa majina, na umri wao walikuwa nao. Walichukua watu tisini na sita. Baba yangu alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka arobaini na minne, akarudi baada ya miaka minne na kifua kilichokuwa kinakwaruza mpaka siku anakufa. Ishirini na wawili hawakurudi kabisa.

Mmoja wa hao alikuwa Apollonia Kilzer wa namba 112, rafiki yangu Poli. Alikuwa na miaka kumi na saba tu. Hakutakiwa kuchukuliwa. Mama yake, Shangazi Margareta, aliwakimbilia askari na kiatu mguu mmoja akipiga kelele kwamba mtoto hajafika umri, na yule askari akamwonyesha kidole kwenye karatasi. Poli alikufa kwa homa kule migodini Donbas mwaka uliofuata. Habari ililetwa na mwanamke aliyerudi na kijiko cha Poli.

Kijiji kilijua ni nani wa kulaumiwa. Nani mwingine angekuwa na majina, umri na namba za nyumba? Karani wa kijiji, Sebastian Wingert, ndiye aliyekuwa akilitunza daftari la watu. Yeye mwenyewe hakuchukuliwa kwa sababu ya mguu wake mbovu, na hilo nalo likawa ushahidi. Alikula yamini kwamba daftari alilificha. Nani wa kumwamini? Mchumba wake alimrudishia pete. Kanisani watu walihama benchi alilokalia. Kwetu kila mtu mzima anaitwa mjomba au shangazi, hata kama hakuna damu, lakini yeye aliitwa Wingert, kavu hivyo hivyo, na watoto wadogo nao waliiga. Na walichosema zaidi ya yote ni hiki: hata yule binti wa Kilzer wa miaka kumi na saba alimtia kwenye orodha, roho yake ilivyo mbaya.

Nami nilisema hivyo. Nisijitie hamnazo, nilisema kuliko wengine. Serikali iliporuhusu gazeti letu tena mwaka 1969 nikakaa kwenye kiti cha baba, niliirudisha safu ya siku za kuzaliwa, na katika miaka ishirini na mmoja sikumweka Wingert hata mara moja, ingawa gazeti alilipokea kila wiki. Mwaka 1976 alikuja ofisini mwenyewe, anachechemea, na kifurushi kwapani. Akasema Agosti anatimiza sitini na akauliza kama anaweza kupata mstari mmoja. Nikamwambia nafasi imejaa. Alisimama kidogo, akatazama meza yangu, akaondoka. Siku ile nilijiona nimemlipizia Poli kisasi.

Ofisi yetu ya kijiji ilipata katibu mpya mwaka huo wa tisini, mama wa Kiromania anaitwa Viorica, mwanamke mchapakazi aliyeamua kusafisha makabati ambayo hayakufunguliwa tangu enzi za mfalme. Siku moja ya Juni akanisimamisha njiani, akaniambia amekuta jalada lenye maandishi ya Kijerumani ya zamani, yale yenye mikia, na kwamba labda litanifaa kwa historia yangu. Nikamshukuru, nikalipeleka nyumbani, nikajitengenezea kahawa.

Nilipolifungua nilifurahi. Naomba hilo lijulikane. Nilifurahi kama mjinga. Ndani kulikuwa na karatasi ngumu za kahawia, na juu yake zimebandikwa safu zetu za siku za kuzaliwa, za mwaka arobaini na tatu na arobaini na nne, moja baada ya nyingine, zimekatwa vizuri kwa mkasi. Nikasema, jamani, kumbe kulikuwa na mtu aliyetupenda hivi. Nikaanza hata kuitunga sentensi kichwani: msomaji mmoja asiyejulikana aliitunza safu hii kwa mikono yake.

Kisha nikaziona alama. Mbele ya baadhi ya majina palikuwa na tiki ya kalamu ya zambarau. Mbele ya mengine hapana. Jakob Noll, tiki. Bibi yake wa miaka sabini, hapana. Susanna Reiter, tiki. Mdogo wake wa miaka kumi na miwili, hapana. Baba yangu, tiki. Nikageuza karatasi ya mwisho. Kulikuwa na muhuri wa Kirusi, tarehe ya Januari 1945, na jumla iliyoandikwa kwa mkono: 96.

Kahawa ilipoa pale mezani na sikuigusa. Hakukuwa na orodha ya karani. Hakukuwa na mkono wa karani kabisa. Orodha ilikuwa sisi. Tulikuwa tumeipiga chapa wenyewe, wiki baada ya wiki, jina na umri na namba ya nyumba, tukaipeleka posta na kujipongeza. Nilijiandaa kwa aibu ya ukurasa wa kwanza. Aibu ikanitokea ukurasa wa nne.

Na hilo lingetosha. Lakini niligeuza karatasi ya Julai 1943, na mstari wa tatu kutoka juu ulisema: Apollonia Kilzer, 17, namba 112. Tiki.

Kwa hesabu hiyo, Januari 1945 alikuwa na kumi na nane. Lakini siku ile ya Julai 1943 Poli alitimiza miaka kumi na sita.

Najua kwa sababu mstari ule niliupanga mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, namsaidia baba kupanga herufi za chuma, na safu ya siku za kuzaliwa ilikuwa kazi yangu. Poli alinijia dirishani siku mbili kabla. Sikukuu ya kanisa ilikuwa inakaribia, na kwa desturi yetu binti hatembei kwenye maandamano wala hapambi kofia ya kijana kwa riboni na vioo vidogo mpaka awe ametimiza miaka kumi na saba. Kijana mmoja wa Reiter alikuwa amemwomba ampambie kofia. Mwaka unaofuata kijana huyo angekuwa ameenda jeshini. Poli hakulia, hakubembeleza sana. Alisema tu, "Ni tarakimu moja, Regi. Nani ataumia?"

Nikachomoa sita nikaweka saba. Ile sita niliirudisha kwenye kisanduku chake, mahali pake, maana baba alikuwa mkali kwa kisanduku kilichovurugika. Kamati ilifungua ukurasa wa nne, ikaridhika. Mama yake alicheka, akasema Mjumbe limemkuza mtoto wake kabla ya wakati, akamshonea sketi. Poli alitembea kwenye maandamano na tawi la rozmari mkononi, nami nikasimama pembeni nikijiona mtu mkubwa mwenye uwezo. Julai iliyofuata nikaweka kumi na nane, ili hesabu ya Mjumbe isigongane.

Miaka arobaini na saba niliikumbuka ile tarakimu kama utani wetu mtamu wa mwisho. Sikuwahi kuiunganisha na treni iliyowapeleka Urusi, hata siku moja, kwa sababu orodha ilitoka kwa Wingert. Kila mtu alijua hivyo.

Nilikaa siku mbili bila kumfungulia mtu mlango. Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikaliweka jalada kwapani, nikaenda namba 9.

Wingert alikuwa kwenye kiti kidogo uani anamenya njegere, bakuli katikati ya magoti. Sikuwa nimewahi kuvuka lango lile. Sikujua nianzeje, kwa hiyo nikalifungua jalada na kumwekea mbele ya macho. Hakushtuka. Aliitazama karatasi ya kwanza, akaikwaruza pembeni kwa ukucha.

"Gundi ya unga wa ngano," akasema. "Panya hawakuila. Ajabu."

Nikamuuliza kama aliwahi kuliona. Akaniambia mkasi ulikuwa wa kwake. Walikuja ofisini Ijumaa, kapteni na wenzake wawili, wakataka daftari la watu, naye akawaambia liliungua wakati wa fujo za Septemba, vita ilipopita kijijini. Kapteni hakukasirika. Alitoka, akarudi na Mjumbe la miaka miwili kutoka ukumbi wa kusomea, akampa Mromania mmoja aliyejua kusoma maandishi yetu, na wakakaa mezani kwake kutwa nzima wakikata na kubandika. Wingert aliamriwa kuchochea jiko. Alisema kapteni alikuwa anafurahi. Kapteni alisema hajawahi kuona watu wanaojiandikisha wenyewe vizuri namna hii.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Nilisema. Miaka miwili nilikwenda mlango kwa mlango nikisema daftari nimelificha. Wakaniuliza, basi orodha imetoka wapi? Hapo nikanyamaza." Akaendelea kumenya. "Baba yako alikuwa kule. Wewe ulikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mama yako kitandani. Wangeichoma nyumba yenu, Regina. Nilikuwa nawajua."

Kisha akaniambia kwamba kufikia mwaka sabini na sita baba yangu alikuwa amekufa, mama pia, nami nilikuwa mtu mzima mwenye gazeti langu. Akaona wakati umefika, akaja ofisini na daftari kwapani.

"Ukaniambia nafasi imejaa," akasema.

Nilitazama mikono yake na maganda ya njegere yakidondoka, na nikatamani anitukane. Hakunitukana. Aliinuka, akachechemea ndani, akarudi na kile kifurushi. Kilikuwa bado kimefungwa kwenye kitambaa kile kile cha mpira cha mezani. Akalifungua daftari, akalaza kidole. Apollonia Kilzer, alizaliwa tarehe 11 Julai 1927.

"Huyu nilimwona pale kwenye meza, wakati wanabandika. Nikamwambia kapteni huyu bado, ana kumi na saba. Akaniambia nithibitishe." Akafunga daftari. "Uthibitisho ulikuwa umefukiwa chini ya banda la nguruwe. Na ndani yake kulikuwa na wasichana thelathini na mmoja wa nyumba za pembeni ambao Mjumbe lilikuwa haliwajui. Ningemtoa yule mmoja, ningewapa wale wote. Nikageuka nikatazama dirishani. Ndilo nililofanya. Watu wananichukia kwa lingine, lakini hilo nalijua mwenyewe."

Thelathini na mmoja. Niliwajua wote. Walikuwa wameolewa, wamezaa, wengine walikuwa bibi sasa. Kijiji kilisema walimhonga Wingert, na wao wenyewe walimpa kisogo kama sisi, kwa kuogopa kusemwa. Walipona kwa sababu hawakujiandikisha kwenye gazeti letu.

Nikamwambia nitaandika yote. Nitaandika kwamba orodha ilitoka Mjumbe na yeye hana hatia. Alitikisa kichwa polepole, akafikiri, kisha akanipa kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwake.

"Ile saba ya binti wa Kilzer, andika ni kosa la chapa," akasema. "Nimeona hivyo siku zote. Makosa ya chapa yapo. Mama yake bado yuko hai, ana haja gani ya kumchukia marehemu baba yako?"

Hapo ndipo nilipoona mlango umeachwa wazi. Kosa la chapa. Maneno matatu, na mimi natoka safi. Na Shangazi Margareta anabaki wangu. Maana sijasema bado: baada ya Poli kufa na mama yangu kufa, yule mwanamke alinichukua. Hakuniita Regina, aliniita mwanangu. Kila Alhamisi nilikula kwake, supu ya kuku na tambi alizokata kwa mkono, na macho yake yalipofifia nikawa namsomea Mjumbe, ukurasa wa nne kwanza. Alikuwa na miaka themanini na saba. Mwishoni mwa Agosti mpwa wake angekuja kumchukua kumpeleka Ujerumani. Nilichohitaji ni kunyamaza wiki chache, basi, na angeondoka akinibusu.

Nikamwambia Wingert haikuwa kosa la chapa. Nikamweleza habari ya dirisha, ya kofia, ya sita niliyoirudisha kwenye kisanduku. Nilisema upesi upesi nikitazama chini.

Nilipoinua uso, yeye ndiye aliyekuwa amepigwa na butwaa. Bakuli lilikuwa limeinama na njegere zinamwagika, naye hazioni. Miaka arobaini na mitano alikuwa amebeba kosa lake na la baba yangu, na kumbe lilikuwepo lingine lililokuwa linakula supu namba 112.

"Nenda kwako," akasema hatimaye.

Nikaenda kwangu. Niliandika historia ile kwa wiki tatu. Babu na mashine yake ya kwanza, mafuriko ya mwaka 1912, miaka ya kupigwa marufuku, yote yalitiririka. Nilipofika Januari 1945 mashine ya taipu ikawa nzito. Mara mbili niliandika kosa la chapa, na mara mbili niliichana karatasi. Si kwa sababu mimi ni mwema. Nilikuwa namwona yule mzee anatazama dirishani. Yeye angalau alitazama dirishani kwa sababu ya watu thelathini na mmoja. Mimi nilifanya kwa sababu ya kofia.

Mara ya tatu niliandika: "Umri wa Apollonia Kilzer ulibadilishwa na mimi, Regina Frombach, kwa makusudi, kumi na sita kuwa kumi na saba. Orodha ilikatwa kutoka gazeti hili. Karani Sebastian Wingert aliwaficha waliobaki." Nikapeleka mjini kuchapwa kabla moyo haujageuka.

Mjumbe la mwisho lilitoka Alhamisi ya katikati ya Agosti. Nakala ya kwanza niliipeleka namba 9. Sikuingia, nilimpa langoni. Nikasema, "Mjomba, gazeti lako." Aliligeuza, akafungua ukurasa wa nne, akatafuta kwa kidole mpaka akapata: Sebastian Wingert, 74, namba 9. Alilisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu.

"Safari hii umehesabu vizuri," akasema, akarudi ndani.

Nakala ya pili niliipeleka namba 112. Shangazi Margareta alikuwa ameketi jikoni kati ya makasha mawili, nywele zimefungwa, na meza imeandaliwa sahani mbili. Supu ilikuwa juu ya jiko inatoa mvuke. Akaniambia nianze na ukurasa wa nne, kama kawaida. Nikamsomea. Nilipofika jina la Wingert alinyanyua kichwa, akauliza huyo nimemweka wa nini. Nikamwambia nina habari ya ukurasa wa kwanza itakayomweleza, na kwamba nitaisoma mpaka mwisho bila kusimama, na baadaye aseme atakalo.

Nikasoma. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Alikaa mikono kwenye aproni, na nilipomaliza alikaa hivyo hivyo. Nzi alikuwa anazunguka ukingo wa sufuria.

"Rudia pale pa sita na saba," akasema.

Nikarudia.

"Mimi nilicheka," akasema. "Nilidhani baba yako amekosea. Nikamshonea sketi." Kisha akauliza, "Alicheza? Siku ile ya sikukuu, alicheza?"

"Alicheza, shangazi. Kila wimbo."

Akaitikia kwa kichwa. Aliinuka, akajishika kwenye meza, akachukua sahani yangu na kijiko changu, akavirudisha kabatini na kufunga mlango wa kabati. Akapakua supu sahani moja, akaketi, akaanza kula. Nikasimama pale mpaka nikaelewa, kisha nikatoka.

Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu nisingekubali watu waseme nimejificha. Gazeti lilikuwa limesomwa kila nyumba. Nilikaa benchi letu, la nne kushoto, ambalo tangu mwaka arobaini na sita tumekaa wawili, mimi na Shangazi Margareta. Niliisikia fimbo yake ikiingia mlangoni, tok, tok, ikija katikati ya kanisa. Ikapunguza mwendo ilipofika kwangu. Ikapita. Ikaenda mpaka upande wa pili, nyuma ya nguzo, kwenye benchi ambalo mtu mmoja alikuwa amekaa peke yake tangu vita iishe.

"Sogea, Sebastian," nilimsikia akisema.

Kuna wengine walioinuka wakamfuata, wanawake, bibi wa nyumba za pembeni. Sikugeuka kuwahesabu. Benchi letu linaenea watu sita wakibanana kidogo. Niliweka kitabu changu cha nyimbo upande mmoja na kofia yangu upande mwingine, na bado nafasi ilikuwa tele.